Nyimbo Zipi za Hevi Metali Ziingie Kwenye Gemu: Mwongozo Kamili wa Kujadili, Kupima na Kuamua

Mjadala wa nyimbo za gemu huharibikia mahali pamoja: watu hubishana wimbo upi ni mkali, badala ya kuulizana mchezaji anafanya nini wimbo huo ukipigwa. Shabiki wa thrash, mtindo wa metali unaokimbia, atatetea thrash mpaka usiku wa manane, wa doom, mtindo unaojikokota, naye vivyo hivyo, na kila mmoja atakuwa na haki, maana wimbo wake ni mzuri kweli. Lakini wimbo unaokukosha ukiwa umejilaza na spika za masikioni si lazima ukufae lori likiwa linapanda mlima, honi inalia na kidole gumba kimebana kioo cha simu.

Mwongozo huu ni wa timu ndogo, watu watatu hadi saba, wenye laptopu moja au mbili na simu za kawaida, kama timu nyingi za vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma na mitaa ya Area C au Nkuhungu. Mfano mmoja utatumika mwanzo hadi mwisho: gemu ya malori yanayobeba mahindi kutoka Kibaigwa, yanapita Dodoma mjini na Bahi, kisha yanapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Tengeni siku tatu, saa mbili kila siku. Anayetaka kumaliza yote kwa kikao kimoja ataishia kuchagua nyimbo za mwenye sauti kubwa.

Hatua ya kwanza: andikeni matukio kabla ya nyimbo

Kabla mtu hajataja bendi yoyote, chukueni karatasi mchore jedwali la matukio ya gemu. Kila tukio lipewe mambo manne: mikono ya mchezaji inafanya nini, tukio linachukua muda gani, linarudiwa mara ngapi, na sauti gani ya gemu haiwezi kukosa kusikika.

Kwa gemu yetu, menyu huchukua sekunde 20 hadi 60 na mikono imetulia. Barabara tambarare ya Bahi ni dakika tatu za mwendo usiobadilika, na sauti ya lazima ni honi ya basi linalotaka kupita. Mlima ni dakika nne, mchezaji anabadilisha gia kila baada ya sekunde chache, na lazima asikie injini, kwa sababu injini ndiyo inayomwambia gia imechoka. Kuanguka na kuanza upya hutokea kila baada ya sekunde 40 kwa mchezaji mgeni.

Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayoua nyimbo nyingi. Mchezaji akianguka kila sekunde 40, na wimbo una utangulizi wa gitaa laini wa dakika nzima, atasikia utangulizi mara kumi na tano na mkong'oto wenyewe hatausikia hata mara moja. Pimeni muda huu kwa saa, mkimtumia mtu asiyewahi kushika gemu yenu. Mtengenezaji huanguka mara chache mno kuliko mnunuzi.

Hatua ya pili: elewaneni maneno

Hapa dakika kumi zinatosha. Metali ya awali, ile ya Black Sabbath wa Birmingham waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1970, pamoja na waliowafuata, mara nyingi huenda mapigo 100 hadi 160 kwa dakika na rifu zake hushikika haraka. (Rifu ni ule mkupuo mfupi wa gitaa unaojirudia.) Thrash hukimbia, 160 hadi 220. Doom hujikokota, 60 hadi 80, nzito kama tope la masika. Power huimba kwa sauti ya juu na kwa shangwe. Death na black zina ngoma za mfululizo na sauti ya kukoroma au ya kupiga kelele. Mtu akisema "tuweke kitu kizito", mwulizeni kizito kwa mwendo, kwa sauti ya chini ya gitaa, au kwa maneno. Ni mambo matatu tofauti, na nusu ya ugomvi huishia hapo.

Hatua ya tatu: mapendekezo yenye masharti

Kila mtu alete nyimbo mbili tu kwa kila tukio. Kila wimbo uje na dakika na sekunde ya kipande anachokitaka, mwendo wake kwa mapigo, na sentensi moja inayoeleza unamsaidiaje mchezaji. Sentensi kama "huu ni wa kufa mtu" haipokelewi.

Kutaja kipande ni muhimu kwa sababu nyimbo za metali hubadilika sana ndani yake. "Master of Puppets" ya Metallica, ya mwaka 1986, inazidi dakika nane, na katikati yake dhoruba inakatika na kuacha gitaa tulivu kabla haijarudi. Ukiuweka mzima kwenye mbio, utulivu ule utaangukia popote, pengine pale mchezaji anapopigania nafasi ya kwanza. Wenyewe hauna kasoro. Kwa gemu unahitaji kukatwa, na kukata kunahitaji ruhusa, jambo tutakaloliona mbele. Kinyume chake ni "Ace of Spades" ya Motörhead, ya mwaka 1980: haifiki dakika tatu, besi inaingia papo hapo, na haishushi mguu hadi mwisho. Ndiyo maana ulikaa vizuri kwenye Tony Hawk's Pro Skater 3 ya mwaka 2001, ambako mzunguko mmoja ni wa dakika mbili.

Mifano ya zamani isaidie mjadala, isiufunge. Gemu ya Doom (si ule mtindo wa doom) ya mwaka 1993 ilitumia muziki wa Bobby Prince wenye rifu za kimetali zilizopigwa na kadi ya sauti ya kompyuta, bila gitaa halisi, na bado watu walitikisa vichwa. Rock n' Roll Racing ya mwaka huohuo ilichukua nyimbo za Black Sabbath na Deep Purple ikazipiga upya bila waimbaji. Grand Theft Auto: Vice City ya mwaka 2002 hadithi yake iko mwaka 1986, na redio yake ya V-Rock ikacheza metali ya enzi hizo, Slayer, Judas Priest na Iron Maiden. Kila moja ilijibu swali lake. La kwanza lilikuwa la uwezo wa mashine, la pili namna ya kutumia wimbo maarufu bila rekodi yake, la tatu zama za hadithi. Jiulizeni lenu ni lipi.

Hatua ya nne: sawazisheni sauti kabla ya kusikiliza

Hatua hii watu huiruka, kisha hushangaa kwa nini uamuzi wa jana leo haueleweki. Sikio la binadamu huona wimbo wenye sauti kubwa ni bora, hata tofauti ikiwa ndogo. Rekodi za metali za miaka ya 2000 zimebanwa na kupandishwa sana, za miaka ya 1980 nyingi zina sauti ndogo zaidi. Ukizicheza zilivyo, ya zamani imeshashindwa kabla haijaanza.

Fungueni kila wimbo ndani ya Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, tafuteni kwenye orodha ya efekti ile ya kusawazisha ukubwa wa sauti, mwandike LUFS -16. LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, si urefu wa mawimbi tu. Hifadhini nakala kwa majina ya namba: 01, 02, 03. Mmoja wenu, ambaye hatapiga kura kwa tukio hilo, abaki na orodha ya majina halisi.

Hatua ya tano: sikilizeni ndani ya gemu

Rekodini video ya sekunde 90 ya kila tukio, sauti za gemu zikiwepo na muziki ukiwa umezimwa. Pachikeni kila wimbo juu ya video ileile. Kama gemu inachezeka tayari, vizuri zaidi: mtu mmoja acheze, wengine wasikilize bila kutazama kioo cha laptopu inayocheza faili.

Kila mmoja ajaze alama 0 hadi 3 kwa maswali manne, kimyakimya, kabla ya mtu kufungua mdomo. Mwendo wa wimbo unaendana na mikono? Sauti ya lazima inasikika? Ndani ya sekunde kumi za kwanza kuna kitu cha kukushika? Ukirudiwa mara ishirini utavumilika? Swali la nne lijibiwe siku ya pili, baada ya kila mtu kuusikia kipande kile mfululizo akiwa anafanya kazi nyingine, kufua au kupika. Solo ya gitaa ndiyo huchosha kwanza, kwa kuwa sikio huikariri. Rifu rahisi huvumilika muda mrefu.

Wimbo uliopata 0 kwenye swali la pili hata na mtu mmoja utoke, au urudi bila mwimbaji. Hiyo ndiyo kura ya turufu pekee. Alama nyingine zijumlishwe, kisha ndipo mjadala uanze, na ujadili tu nyimbo mbili za juu zilizokaribiana. Mwenye wimbo wa pili aongee kwanza, dakika mbili. Mkiona bado mko sawa kwa sawa, chukueni ule ulio rahisi kukatwa.

Hatua ya sita: simu, si spika za studio

Wachezaji wenu wengi watasikia gemu kwa spika ya simu, tena penye kelele. Uzi mnene wa gitaa lililotyuniwa kawaida hutoa hezi 82 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), wa besi hezi 41. Spika ya simu haina nguvu ya maana chini ya hezi 200 au 300. Mkwaruzo wa gitaa huokoa hali, kwa kuwa huzalisha sauti nyingi za juu zinazoliambia sikio noti ya chini ni ipi. Besi safi na ngoma ya mguu hazina bahati hiyo: hupotea kabisa, na wimbo wa doom uliokuwa kama jabali unabaki kama nyuki ndani ya kopo.

Nendeni na simu ya bei nafuu stendi ya Nanenane au soko la Majengo, sauti iwe nusu, mcheze dakika tano. Kama ngoma ya mguu haisikiki, ongezeni desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kati ya hezi 3,000 na 5,000 kwenye sauti ya ngoma hiyo pekee, pale pana mlio wa kipigo kugonga ngozi. Kuongeza besi hakusaidii. Kunafanya spika ipasuke.

Tatizo la upande wa pili ni gitaa kumeza sauti za gemu. Gitaa lenye mkwaruzo hujaa hezi 2,000 hadi 4,000, na hapohapo ndipo honi, kengele na konsonanti za maneno zinapokaa. Punguzeni desibeli 2 hadi 3 eneo hilo kwenye gitaa. Kisha wekeni kompresa inayoshusha muziki desibeli 4 hadi 6 mtu anapoongea, iingie ndani ya milisekunde 20 na iachie taratibu kwa milisekunde 300 au zaidi. Ikiachia haraka, muziki unahema kama mtu aliyekimbia.

Mashairi yasomwe yote, na kwa sauti

Metali ina mashairi ya vita, kifo, shetani na dini. Baadhi ni ushairi mzito wa kupinga vita, mengine ni ya kushtua tu. Msichague wala msikatae kwa kichwa cha wimbo. Chapisheni mashairi, mmoja asome, mwingine afasiri kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Gemu itachezwa sebuleni, na mzazi anayetoka kanisani au msikitini atauliza. Mnatakiwa kuwa na jibu la kweli. Pale ambapo mashairi yanapigana na hadithi ya gemu, toleo lisilo na mwimbaji linatosha. Tena mahali penye mazungumzo ya Kiswahili, mwimbaji anayekoroma Kiingereza huvuruga maneno hata kama ameshushwa.

Ukataji na urudiaji

Hesabu ni rahisi na haikwepeki. Sekunde 60 ukigawa kwa mwendo, ukazidisha kwa 4, unapata urefu wa baa moja yenye mapigo manne. Kwa mapigo 160, baa ni sekunde 1.5, baa 16 ni sekunde 24, baa 64 ni sekunde 96. Kateni mwanzo wa baa, mahali wimbi linapovuka sifuri, la sivyo mtasikia "tik" kila unaporudi. Mkia wa matoazi ulioishia nje ya kipande uchukuliwe na kupachikwa juu ya mwanzo wa mzunguko wa pili, vinginevyo lupu, yaani kipande kinachojirudia, inasikika kama mtu amefunga mlango ghafla.

Hesabu hii hugoma kwa rekodi nyingi za zamani. Bendi hizo zilirekodi bila kliki, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, na mpiga dramu alikuwa anakimbia kidogo kwenye kiitikio. Baa ya kwanza na ya arobaini hazilingani. Hapo acheni kikokotoo, kateni kwa sikio na kwa macho kwenye ngoma ya mguu.

Msihifadhi lupu kwa MP3. Muundo huo huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa faili, na pengo lile kwenye mapigo 180 ni kama kujikwaa. Tumieni muundo wa OGG wa kilobiti 128 hadi 160 kwa sekunde. Chini ya hapo matoazi huanza kulia kama maji yanayochemka. Kwa kilobiti 128, dakika moja ni karibu MB 1, kwa hiyo nusu saa ya muziki ni takriban MB 29. Nusu saa hiyohiyo kwa WAV ingefika kama MB 318, na hakuna mtu wa Manyoni atakayemaliza bando lake kwa ajili yenu.

Kama mnataka muziki upande kadiri mchezaji anavyofanya vizuri, angalieni Metal: Hellsinger ya mwaka 2022. Nyimbo zake zimegawanywa tabaka, na mwimbaji haingii mpaka mchezaji afikie kiwango cha juu cha kupiga kwa mapigo. Kwa hilo mnahitaji stemu, yaani dramu, besi, gitaa na sauti kwenye faili tofauti zenye urefu uleule. Zianzisheni zote pamoja, za juu zikiwa kimya, mpandishe sauti tu. Ukianzisha tabaka jipya katikati litachelewa kidogo, na dramu mbili zitasikika kama zinagombana. Godot, programu ya kutengenezea gemu, kuanzia toleo la 4.3 ina nyenzo za kazi hii, na FMOD, programu ya sauti za gemu, pia inaifanya vizuri.

Zeze, muheme na gitaa lenye mkwaruzo

Timu ya Dodoma ina kitu ambacho timu ya kwingine haina, na inafaa kukipigania kwenye mjadala. Muheme wa wanawake wa Kigogo, ngoma zinazobanwa magotini, una mgawanyo wa tatu-tatu ndani ya pigo. Rifu za metali zinazokimbia kama farasi, zile Iron Maiden walizozizoesha masikio ya watu, nazo zina noti tatu ndani ya pigo, ingawa si za urefu sawa. Vinakaribiana. Anzeni kwa mapigo 110 hadi 130, muheme ubebe katikati, dramu za kizungu zibaki na ngoma ya mguu na matoazi tu. Mkiweka vyote kwa ukamilifu, muheme utazama.

Zeze na ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, vina mtego. Muziki wa Kigogo, ule aliousambaza duniani mwanamuziki Hukwe Zawose, hufuata sauti za asili zinazotoka kwenye uzi mmoja, si vipimo sawa vya gitaa. Ukihesabu kutoka noti ya msingi, noti yake ya tatu iko senti 14 chini ya ile ya gitaa (senti 100 ni nusu-toni moja), na noti ya saba ya asili iko senti 31 chini, karibu theluthi ya nusu-toni. Kwa gitaa safi hilo linavumilika. Kwa gitaa lenye mkwaruzo, tofauti hiyo inageuka mngurumo mchafu, na prodyuza atakimbilia kusema zeze limetyuniwa vibaya. Halijatyuniwa vibaya.

Dawa iko ndani ya metali yenyewe: gitaa lipige kodi (noti zinazopigwa pamoja) za noti mbili tu, ya kwanza na ya tano. Ya tano ya gitaa na ya asili zinapishana senti 2, sikio halijali. Noti ya tatu na ya saba aachiwe zeze. Msijaribu kutyuni ilimba ifuate gitaa. Rekodini noti yake ya msingi, isomeni kwa hezi, kisha tyunini gitaa na besi kuifuata. Na msipitishe sauti ya zeze kwenye programu ya kusahihisha noti. Itafuta kile mlichokuja kukichukua.

Ruhusa, kabla hamjapenda kupita kiasi

Wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Moja ni ya utunzi, kwa kawaida iko kwa mtunzi au mchapishaji wake wa muziki. Nyingine ni ya rekodi, kwa kawaida iko kwa kampuni iliyorekodi. Kuuweka kwenye gemu kunahitaji zote mbili kwa maandishi. Mkiupiga upya wenyewe mnaondokana na haki ya rekodi tu, ya utunzi inabaki palepale. Kununua wimbo mtandaoni hakukupi hata moja.

Leseni pia huisha. Grand Theft Auto IV ilitoka mwaka 2008, na mwaka 2018 nyimbo kadhaa zikaondolewa kwa sababu muda wake ulikwisha. Kama kampuni yenye uwezo ule ilikubali kuziondoa, timu yenu isijidanganye kwamba hakuna atakayeona.

Kwa hiyo nyimbo maarufu kwenye mjadala wenu zichukuliwe kama vipimo, si kama bidhaa. Tukio likishapata mshindi, andikeni kwa nini ameshinda (mwendo, urefu wa utangulizi, noti ya chini ya gitaa, kuna mwimbaji au hakuna), kisha karatasi hiyo, bila wimbo wenyewe, apewe mwanamuziki atakayetunga. Akipewa wimbo atauiga, na wimbo ulioigwa ni kesi nyingine.

Nyimbo za leseni huria zinafaa, ila someni herufi zake. Creative Commons yenye BY inataka mtaje mtunzi. Yenye NC haifai kwa gemu ya kuuza au yenye matangazo. Yenye ND haifai hata msipokata chochote, maana kuuoanisha muziki na picha zinazotembea kunahesabiwa kuwa ni kuubadilisha.

Mkataba na mwanamuziki wa hapa nyumbani, hata awe rafiki, utaje matumizi ndani ya gemu na kwenye tangazo lake, ruhusa ya kukata na kutenganisha stemu, nchi (andikeni dunia nzima), muda, malipo, na nani anabaki na haki ya kupiga wimbo jukwaani. Kazi za Tanzania zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo husajili. Wapigaji wa muheme na zeze waandikwe majina na walipwe kama mpiga gitaa, si kupewa nauli na soda.

Baada ya kupata faili za mwisho, rudieni hatua ya tano na ya sita kwa muziki mpya, kwa video zilezile na maswali yaleyale. Mara nyingi wimbo mmoja kati ya vitano utaanguka hapa, kwa kawaida ule wa mlimani, kwa kuwa injini ya lori na gitaa lililoshushwa hadi hezi 65 vinakaa chumba kimoja. Pandisheni gitaa toni mbili, mjaribu tena.